Mbegu Bora ni Jasho la Umma



Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Kanada ililima rapa, mmea wa jamii ya haradali, kwa ajili ya kulainishia mitambo ya meli. Kwa chakula, mafuta yake yalikuwa na asidi ya eruki nyingi, na mashudu hayakuifaa mifugo. Wataalamu wa umma, Keith Downey na Baldur Stefansson, walichambua mbegu kizazi baada ya kizazi, hata mwaka 1974 ikatolewa Tower, ya kwanza kupunguza kasoro zote mbili.

Tangu 1995 ziliingia mbegu za makampuni zinazostahimili dawa za magugu, na wakulima wengi wakafungwa kwa mikataba wasihifadhi mbegu. Basi tujiulize: kazi iliyogharimiwa na umma, mavuno yake ni ya nani? Taifa lisilowatunza wataalamu wake litanunua hata punje ya kupanda.