Mambo Matatu Ambayo Hayamo Kwenye Kadi Yangu

Aina: mazungumzo ya mtangazaji
Muda: dakika kumi
Kwa viongozi wa vikundi vya wasikilizaji: soma kwa sauti, pole pole. Maswali ya kikundi yako mwishoni.

[Ngoma inapanda kwa sekunde kumi, kisha inashuka chini ya sauti.]

MTANGAZAJI:
  Kama umekaa kando ya mafiga unangoja sufuria ichemke, kaa hapo hapo, usiondoke. Leo tunazungumza habari za sufuria.

Kwanza nikuulize. Mara ya mwisho mtu alipotaka kujua wewe ni nani, ulimjibu nini? Mimi wiki iliyopita niliulizwa dirishani, nikajibu kama tunavyojibu sote: jina, namba ya kadi, kaya ya watu watatu, zoni, bloku. Yote ni kweli. Lakini nikiwa njiani narudi nyumbani nikawaza: mtu anaweza kuisoma kadi yangu mara mia na asijue hata jambo moja ambalo rafiki zangu wananichekea.

Kwa hiyo jioni hii nakupa matatu. Ucheke ukitaka. Kisha nitakuomba na wewe utoe lako.

La kwanza. Mimi sinywi maziwa siku niliyokula njegere.

Nilizaliwa Itaba, mkoa wa Gitega. Bibi yangu alikuwa na ng'ombe mmoja, na ng'ombe yule aliheshimiwa kuliko sisi wajukuu. Kwetu Burundi wazee wengi walishika mwiko huu: ukila njegere au karanga, siku hiyo maziwa usiyaguse, maana ng'ombe aliyekamuliwa maziwa hayo ataugua. Siku moja nilikula njegere kwa jirani, nikarudi nyumbani, nikanywa maziwa kimya kimya. Usiku ng'ombe akakohoa. Nililia mpaka Bibi akaamka. Nikakiri. Hakunichapa. Alinipeleka zizini tukamwombe ng'ombe msamaha, mimi na yeye, kwa taa ya mkononi. Asubuhi ng'ombe alikuwa mzima, anakula majani yake kama kawaida.

Sasa wewe unajua tunavyokula hapa. Unga wa mahindi, mafuta, chumvi, na zile njegere za manjano zilizopasuliwa. Mwaka jana kuna mtu alinikaribisha kikombe cha maziwa, nikasema, "Asante, leo nimekula njegere." Akanishangaa. Nikamwambia: usijali, kwa jinsi tunavyokula njegere huku, ng'ombe wote wa Itaba wana afya nzuri.

[Kicheko. Ngoma fupi.]

La pili. Mimi huchambua maharage kwa rangi, hata yakiwa ya rangi moja.

Wakulima wenzangu kutoka Burundi wanalijua hili. Shamba la kwetu halikuwa na aina moja ya maharage. Ndani ya kikapu kimoja ungekuta mekundu, ya njano, meusi, meupe, na yenye madoa. Wazee waliyapanda kwa pamoja kwa sababu: mvua ikizidi, aina hii inaoza na ile inasimama, jua likizidi, ile inakauka na hii inazaa. Nyumba haikosi chakula. Yale ya mbegu Bibi aliyachanganya na majivu ndani ya chungu ili wadudu wasiyale, na hakuna mkono ulioruhusiwa kuingia humo ila wake.

Kazi yangu nikiwa mtoto ilikuwa kuchambua. Nikayapa majina. Mekundu yalikuwa walimu, kwa sababu yalikuwa makali kuiva. Yenye madoa yalikuwa ng'ombe. Meupe yalikuwa mapadri. Bibi aliniuliza, "Leo mapadri wangapi?" nami nikahesabu. Ndivyo nilivyojifunza hesabu kabla sijaingia darasani.

Mpaka leo, yakija maharage kwenye mgao, nayamwaga kwenye ungo, mkono wangu unaanza wenyewe kuyatenga. Mama ananiambia, "Yote mekundu hayo, unatenga nini?" Namjibu, "Walimu tu, Mama. Leo ni walimu tu."

La tatu linahitaji nieleze kidogo.

Nina mdogo wangu wa kike. Alizaliwa hapa Nduta mwanzoni mwa mwaka 2016, miezi michache baada ya sisi kupita Ruyigi, kuvuka mpaka na kupokelewa Mabamba. Baba hakuvuka nasi. Hilo ndilo ninaloweza kusema redioni. Na nyumbani kwetu lilikuwa ndilo tunaloweza kusema hata tukiwa wenyewe. Mama hakulitaja jina lake. Nami nikajifunza kutolitaja.

Siku moja mdogo wangu alirudi shuleni na karatasi. Mwalimu aliwaambia wachore chakula cha nyumbani kwao. Yeye alikuwa amechora gunia. Gunia zuri, limesimama, hata maandishi ya ubavuni ameyaandika. Pembeni amechora kikombe cha kupimia. Nikamwambia, "Hiki ni chakula cha hapa. Nyumbani kwetu ni Itaba." Akafikiri kidogo, akaniuliza:

"Itaba ni zoni ya ngapi?"

[Kimya kwa sekunde tatu.]

Msikilizaji, sikuwa na jibu. Mtoto hakukosea. Kwake dunia yote imegawanywa kwa zoni.

Nami nikaona kosa ni langu. Jina la Itaba, ukilitafuta kwenye taarifa za habari, mara nyingi utakuta Septemba 2002, wakati raia wengi, wakiwemo watoto, walipouawa huko. Nilikuwa na miaka miwili. Sitasimulia hayo leo, wala sikuombi uyarudie moyoni mwako. Waliokufa wanastahili kukumbukwa, na kuna mahali pake. Lakini watu wale nao walikuwa na maharage ya rangi tano. Walikuwa na watoto waliosusa mboga, na mabibi waliojua chungu kipi kina mbegu. Kama mimi ninayekumbuka sisemi, mdogo wangu atabakiwa na vitu viwili tu: gunia, na ile habari ya mwaka 2002.

Basi, jambo lenyewe la tatu ni hili. Mvua ya kwanza ya msimu ikinyesha usiku, mimi hutoka nje na tochi, nikasimama mlangoni. Sina ninachofanya. Nasimama tu. Majirani wa bloku yetu walidhani mimi ni sungusungu.

Mwaka jana mvua ilipokuja nikatoka kama kawaida. Mdogo wangu akaja nyuma yangu. "Unangoja nani?" Kabla sijajibu, sauti ya Mama ikatoka ndani, gizani.

"Anangoja kumbikumbi. Alifundishwa na baba yake."

Nilidhani sikusikia vizuri. Miaka yote hiyo, ndiyo mara ya kwanza. Mama akatoka na kanga begani, akakaa kizingitini, akaanza kusimulia.

Kule kwetu, mvua ya kwanza ikinyesha, kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu, wanafuata mwanga. Unaweka taa, chini yake beseni la maji, wanaanguka wenyewe. Asubuhi unawakaanga na chumvi kidogo, bila mafuta, maana mafuta wanayo wao. Sasa Baba alikuwa na kandili ndogo, na jirani yetu alikuwa na karabai. Kumbikumbi wote wa kilima kizima wakaenda kwenye karabai. Baba akangoja. Akapata watatu. Akapandisha utambi, kandili ikatoa moshi, wale watatu wakakimbia.

Mdogo wangu akaanza kucheka.

Mama akaendelea. Baba akachukua beseni lake tupu, akaenda kwa jirani kumwomba azime karabai walau nusu saa, kwa ujirani mwema. Jirani akamwambia, "Ukinisaidia kuwakamata tutagawana." Baba akakaa huko mpaka alfajiri. Akarudi na beseni tupu vile vile, ila tumbo limejaa. Walikuwa wamewakaanga na kuwala wote, wawili, usiku huo huo.

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Mdogo wangu akauliza, "Baba alikuwa mrefu?" Mama akasema, "Alikuwa mfupi. Alipanda juu ya kinu kutundika taa."

Usiku ule tulipata kumbikumbi kumi na wawili. Kesho yake mdogo wangu akawatangazia wenzake shuleni kwamba baba yake aliwahi kushindwa na taa ya jirani. Alisema kwa majivuno, kama mtoto yeyote anayemsema baba yake.

Wiki iliyofuata Mama aliuza kikapu alichosuka, akanunua ndizi za kupika na mawese kidogo. Mawese ya huku Kigoma na yale ya Rumonge ni ndugu, maana michikichi yote imeota kando ya ziwa lile lile, Tanganyika. Alipoyamwaga kwenye ndizi na maharage, harufu ile ilinipeleka Itaba bila kibali cha kusafiri. Mdogo wangu alionja, akakunja uso. Hakuipenda. Akaomba ugali. Hata hivyo sasa anajua kitu ambacho hakipendi, na kinatoka kwao.

[Ngoma inaingia chini ya sauti.]

Sasa zamu yako, msikilizaji. Najua mgao ulipopunguzwa mwaka 2017, na ulipopunguzwa tena mwaka 2023, kuzungumza habari za chakula kulikuwa kama kukwangua kidonda. Sikuambii kwamba hadithi inashibisha. Haishibishi. Nakuambia tu kwamba watoto waliozaliwa hapa hawatayapata haya dirishani. Watayapata kwako, na kwako tu. Wewe uliyetoka Cankuzo au Makamba, ulikula nini kwa mara ya kwanza ukakitema? Wewe wa Nyarugusu uliyetoka Fizi au Uvira, nani alitwanga sombe nyumbani kwenu, na aliimba akitwanga, au alinyamaza?

Anza na dogo. Anza na la kuchekesha. Na kama wa nyumbani kwako hayuko tayari kusema, usimlazimishe. Mama yangu alingoja miaka minane, akasema siku mvua iliponyesha. Kumbukumbu ikikulemea, wapo wahudumu wa ushauri nasaha hapa kambini. Nenda, kaa nao.

Mimi ni mtangazaji wako. Sinywi maziwa siku ya njegere, nachambua maharage ya rangi moja, na mvua ya kwanza ikinyesha utaniona mlangoni na tochi.  

[Ngoma inapanda, kisha inazimika.]

MASWALI YA KIKUNDI

1. Taja jambo moja kukuhusu ambalo halimo kwenye kadi yako. Wengine wasikilize bila kukatiza.
2. Ni chakula gani cha utotoni ambacho watoto wako hawajawahi kukionja? Kilipikwaje, hatua kwa hatua?
3. Nani kwenye bloku yenu bado anajua kutunza mbegu? Kikundi kinaweza kujifunza nini kwake kabla ya mvua?
4. Kuna mtu nyumbani kwenu ambaye jina lake halitajwi? Huna haja ya kujibu hapa. Fikiria tu ni hadithi gani ya kuchekesha unayoijua kumhusu.