Sauti Inayoiongoza Eksirei

Msikilizaji, mwanga wa kawaida hutii kioo na lenzi. Eksirei ni kaidi. Tangu Wilhelm Röntgen aigundue mwaka 1895 huko Würzburg, Ujerumani, kuipinda kumebaki kazi ngumu. Ndiyo maana nimevutiwa mno na njia iliyojaribiwa katika maabara ya ESRF, mjini Grenoble, Ufaransa: kuiongoza kwa sauti.

Si sauti ya kusikika kwa sikio. Juu ya fuwele ya lithiamu niobati hubandikwa nyuzi nyembamba za metali, mfano wa vitana viwili vilivyoingiliana meno. Zikipewa umeme unaogeuka mamilioni ya mara kwa sekunde, fuwele hutetemeka na viwimbi hukimbia juu ya uso wake, takriban kilomita tatu na nusu kwa sekunde. Mwanafizikia Lord Rayleigh alivitabiri kwa hesabu mwaka 1885, miaka kumi kabla ya eksirei yenyewe kujulikana.

Uso wa fuwele hugeuka matuta, kama shamba la viazi. Mwali wa eksirei ukitua hapo hugawanyika, na miali midogo huchepuka pembeni. Badili masafa, pembe inabadilika. Ongeza nguvu ya umeme, miali ya pembeni inakolea. Zima umeme, inatoweka.

Kwangu, uzito uko kwenye huko kuzima. Kizibo cha chuma cha kukatiza eksirei huendeshwa na mota, nacho ni kizito. Wimbi halina uzito wa kusukumwa. Mtafiti anapata lango la eksirei linalofunguka na kufungwa kwa amri ya umeme tu. Na ufundi huu si mgeni kwako: vichujio vinavyotumia mawimbi hayohayo vimo ndani ya simu yako, vikitenganisha masafa ya redio.