Upinde wa Mtoto Haununuliwi kama Kanzu ya Idd



Sifa njema zote ni za Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu zangu wazazi, nanyi vijana, mada yangu ni jinsi ya kumchagulia mtoto upinde wake wa kwanza wa kisasa, ule wenye magurudumu. Msicheke! Mwezi huu ndio wazazi wanapoanza kuwaza zawadi za Idd. Ami yuko Dubai, shangazi yuko Uingereza, anapiga simu anauliza, "Nimletee mtoto upinde upi?" Na sisi tunajibu haraka haraka, "Leta mkubwa mzuri." Hapo ndipo tunapoharibu.

Kulenga shabaha si jambo geni katika dini yetu. Imepokewa katika Sahih Bukhari, kwa Salama bin Al-Akwa (r.a.), kwamba Mtume (s.a.w.) aliwapita watu wa kabila la Aslam wakishindana kurusha mishale. Akawatia moyo, akawakumbusha kwamba baba yao Ismail (a.s.) alikuwa mrusha mishale, na akasema yeye yuko upande wa kundi moja. Kundi la pili likasita. Watashindanaje na kundi lenye Mtume? Basi akawaambia warushe tu, yeye yuko pamoja nao wote. Tazameni uzuri huo: pana mchezo, pana furaha, na hakuna aliyeachwa nje.

Basi tukitaka kuihuisha sunna hii kwa watoto wetu, tuihuishe kwa elimu.

Upinde huu ni upi?

Upinde wa kampaundi ulibuniwa na Mmarekani Holless Wilbur Allen wa jimbo la Missouri, aliyepewa hataza yake mwaka 1969. Kwenye ncha zake mbili pana kapi, na kamba hupita humo. Watu wa pwani hamhitaji somo refu hapa. Ni akili ile ile ya roda za jahazi, zinazomsaidia baharia kupandisha tanga zito. Ila kapi za upinde huu hazikuchongwa duara kamili. Ukivuta, uzito hupanda, kisha karibu na mwisho hupungua, mara nyingi kwa zaidi ya nusu. Mrushaji hutulia akalenga bila kutetemeka.

Iko aina nyingine iliyotengenezwa kwa wanaoanza, ambayo uzito wake haupungui mwishoni. Mfano unaojulikana sana ni Genesis, unaotumika katika mpango wa mashule ya Marekani ulioanzia Kentucky mwaka 2002. Huo hurekebishwa kuanzia ratili 10 hadi 20, yaani kama kilo 4 na nusu hadi 9. Tena hauna kikomo kimoja cha kuvuta, kwa hiyo mwenye mkono mfupi na mwenye mkono mrefu wanaweza kuutumia huo huo. Kwa nyumba yenye watoto watatu, au madrasa inayotaka upinde mmoja wa wote, aina hii ndiyo ningeianzia.

Atakua nao?

Tuna desturi yetu. Kanzu ya Idd tunainunua kubwa, tunakunja pindo, tunasema atakua nayo. Viatu vya shule tunaongeza nambari mbili, tunajaza karatasi mbele. Ni uchumi mzuri, sina neno. Lakini kwa upinde hesabu hiyo haifai.

Mtoto akipewa upinde mzito hawezi kuuvuta kwa mgongo kama inavyotakiwa. Ataelekeza mshale mbinguni ili apate nguvu, atajipinda kiuno, atavuta kwa bega na shingo. Bega la mtoto bado linajengeka, na mkazo mzito unaorudiwa kila siku huweza kuliumiza. Tena akiwa ameelekeza juu, vidole vikateleza, mshale huo unatua wapi? Kwa jirani. Na hata asipoumia mtu, mtoto atajifunza kuvuta vibaya, atachoka, na baada ya wiki mbili upinde uko juu ya kabati.

Hebu tufikirie tunavyowafundisha watoto kufunga. Hakuna mzazi mwenye busara anayemwambia mtoto wa miaka saba afunge siku thelathini kamili. Anaanza mpaka adhuhuri, mwaka ujao mpaka alasiri, halafu siku moja anafika magharibi na nyumba nzima inampongeza. Upinde nao ni hivyo hivyo. Anza chini, panda pole pole.

Mambo matano ya kuangalia

Kwanza, uzito wa kuvuta. Huu huandikwa kwa ratili kwenye upinde, kwa herufi lbs. Watoto wengi wa miaka minane hadi kumi huanza vizuri kati ya ratili 10 na 15. Lakini anayeamua ni mwili, si umri. Mbele ya mtu anayejua, mkalishe mtoto kitini, mshale ukiwa umeelekezwa kwenye shabaha. Auvute taratibu, autulize kidogo, kisha aurudishe taratibu bila kuachia. Akitetemeka au akiinua mikono juu, punguza. Tafuta upinde unaoweza kurekebishwa. Hapo ndipo "atakua nao" inapokuwa kweli: skrubu inakazwa kidogo kidogo kadiri mtoto anavyopata nguvu.

Pili, urefu wa kuvuta. Mtoto asimame anyooshe mikono yote miwili pembeni. Pima kwa inchi toka ncha ya kidole cha kati cha mkono mmoja hadi cha mwingine, kisha gawanya kwa 2.5. Mtoto mwenye inchi 50 atapata inchi 20. Kwa upinde ambao uzito wake hupungua mwishoni, kipimo hiki ni lazima, maana upinde huo una mahali pake pa kusimama. Ukizidi, mtoto atajinyoosha kupita kiasi, ukipungua, atajikunja. Ami wa Dubai apewe kipimo hiki kabla hajaingia dukani.

Tatu, jicho. Kila mtu ana jicho moja linaloongoza. Mtoto aunganishe viganja viwili aache tundu dogo katikati, atazame kitu cha mbali kupitia tundu hilo kwa macho yote mawili. Kisha afumbe jicho moja moja. Jicho ambalo likibaki wazi bado linakiona kitu, ndilo linaloongoza. Kama ni la kulia, mpe upinde wa mkono wa kulia, ambao hushikwa kwa kushoto na kuvutwa kwa kulia. Kama ni la kushoto, mpe wa kushoto. Wazazi, msimlazimishe. Hapa hatuzungumzii adabu za kula. Tunazungumzia jicho alilopewa na Mola wake.

Nne, uzito wa upinde wenyewe. Genesis wa kawaida una kama kilo moja na nusu. Kabla ya kununua, mpe mtoto paketi ya sukari ya kilo moja aishike mkono ukiwa umenyooka. Mkono ukishuka upesi, tafuta upinde mdogo zaidi.

Tano, mishale. Mshale uwe mrefu kuliko urefu anaovuta mtoto. Mfupi huweza kurudi nyuma ya sehemu unapolazwa na kumchoma mkono. Chukua yenye ncha butu za kulengea shabaha, si visu vya kuwindia. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, na upinde huu ni wa shabaha tu. Kiumbe hai, hata kuku au kunguru, si shabaha; Ibn Umar (r.a.) aliwakemea vijana aliowakuta wamemfunga ndege wakimlenga.

Usimalize pesa zote kwenye upinde. Bakisha za mishale, kinga ya mkono, kinga ya vidole na shabaha yenyewe. Na ukinunua uliotumika, angalia kama mikono yake imepasuka au kamba imechakaa. Kamba ya upinde huu haibadilishwi nyumbani. Inahitaji mtambo maalumu na fundi. Na anayeuleta toka ng'ambo aulize kwanza masharti ya forodha.

Amana ya mshale

Vijana, hapa nisikilizeni. Mtume (s.a.w.) ameamrisha kwamba anayepita msikitini au sokoni na mishale azishike ncha zake, asije akamjeruhi Muislamu. Huo ndio msingi wa usalama wote, na uliwekwa kabla ya klabu yoyote kuandika kanuni.

Basi: usiachie ugwe bila mshale, maana nguvu yote inarudi kwenye upinde, utavunjika na vipande vikuumize. Usimwelekezee mtu, hata kwa mzaha. Usirushe uani kwenye ploti wala juu ya dari ya ghorofa; upinde wa ratili 20 huweza kupeleka mshale kupita urefu wa uwanja wa mpira. Tafuta uwanja wenye tuta la mchanga nyuma ya shabaha. Anzeni mita tano, mkisonga nyuma hadi kumi. Wote wasimame kwenye mstari mmoja, na asiende mtu kuchukua mishale mpaka wote wameweka pinde chini. Mtu mzima awepo daima. Wala usiuache kwenye gari juani. Joto la pwani huharibu kamba na mikono ya upinde. Na mchana wa Ramadhan, mtoto aliyefunga na anayetetemeka kwa njaa asivute. Angoje Idd.

Wala msiseme ni mchezo wa wavulana, au wa wenye miili kamili. Aliyebeba bendera ya Kenya katika ufunguzi wa Olimpiki ya Rio mwaka 2016 alikuwa mwanamke mrusha mishale, Shehzana Anwar, ingawa yeye hutumia upinde usio na kapi. Mwaka 2024 kule Paris, katika Paralimpiki, Matt Stutzman wa Marekani, asiye na mikono, alishinda dhahabu kwa upinde wa kampaundi akiushika kwa mguu. Sheetal Devi wa India, msichana wa miaka 17 asiye na mikono, alipata shaba pamoja na mwenzake. Na mwaka 2025 iliamuliwa kuwa upinde huu utaingia Olimpiki ya Los Angeles 2028, katika timu za mchanganyiko wa mume na mke. Nani ajuaye? Huenda wa kwetu mmoja akafika.

Lakini hatafika kwa upinde wa kumtisha. Atafika kwa ule unaomtosha leo, na mzazi anayesimama kando yake kumkumbusha kushika ncha.

Tunamuomba Allah (s.w.t.) atukubalie saumu zetu, awahifadhi watoto wetu, na awape nguvu yenye adabu ndani yake. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.