Nani Alitulipia?

(Hotuba ya mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu, Msamala, Songea)



Nimeombwa niseme machache, nami nitasema machache kweli, maana harufu ya pilau imekwisha tufikia.

Nilipoingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1983, baada ya JKT na miaka miwili ya kazi kama Azimio la Musoma la 1974 lilivyotaka, baba yangu hakudaiwa hata senti. Nilipewa waranti ya safari, chumba, chakula na fedha za vitabu. Wengi wetu tulidhani vitu hivyo ni vya bure. La hasha! Vililipwa na mkulima wa kahawa wa Mbinga na wa tumbaku wa Namtumbo, ambao watoto wao wengi hawakuvuka darasa la saba.

Uchumi ukayumba. Mwaka 1992 Serikali ikaanza utaratibu wa kuchangia gharama, na mzigo ukaanza kumrudia mzazi kidogo kidogo. Sheria ya mwaka 2004 ikaunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo ikaanza kazi Julai 2005. Mwaka 2016 makato ya mshahara yakapandishwa hadi asilimia 15. Mwaka 2021 tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ikafutwa, na wadaiwa wakapumua.

Binti yangu ni mwalimu. Siku moja alinionyesha hati yake ya mshahara, akaniuliza: "Baba, wewe ulikatwa kiasi gani?" Nilinyamaza. Sikukatwa kitu.

Ndugu zangu, swali lile ni letu sote tuliosomeshwa enzi zile. Nanyi mliokopa, kumbukeni kwamba fedha mnayorejesha humsomesha mwingine. Anayejificha asilipe humfungia mlango mtoto wa jirani yake.

Wadogo zetu, msingoje matokeo ya kidato cha sita ndipo mtafute karatasi. Hakikisheni mapema kwamba jina la cheti cha kuzaliwa linafanana na la vyeti vya mtihani, kisha cheti hicho kihakikiwe na RITA. Herufi moja yaweza kukuchelewesha.

Natoa hoja: tuanzishe mfuko mdogo wa kumpa nauli na chakula cha majuma ya kwanza kila kijana wa shule hii atakayepata chuo huku mkopo wake haujafika. Mimi naanza leo, kabla ya kula.

Dawa ya deni ni kulipa.