Dalali Anayeijua Ardhi ya Mahali: Namna ya Kumchagua

Mada iliyowasilishwa na Ofisi ya Ardhi ya Halmashauri katika mkutano wa wananchi



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa nje laonekana dogo, nalo ni chimbuko la malalamiko mengi yanayofika mezani petu: namna ya kumchagua dalali wa nyumba na viwanja. Wilaya yetu imo katika Mkoa wa Pwani, jirani na Dar es Salaam. Watu hutoka mjini kuja kutafuta mahali pa kujenga, nao wenyeji huuza sehemu ya mashamba yao ili wasomeshe watoto au waezeke nyumba bora. Baina ya mnunuzi asiyepajua mahali na muuzaji asiyemjua mnunuzi, husimama dalali. Akiwa mwaminifu na mjuzi, pande zote mbili hunufaika. Akiwa mjanja, au akiwa mgeni anayejifanya mwenyeji, mtu anaweza kuipoteza kwa siku moja akiba ya miaka kumi.

Simzungumzii dalali wa mahakama anayetekeleza hukumu, wala dalali wa mnada. Namzungumzia yule anayemkutanisha mwenye mali na mwenye haja, akalipwa ujira wake biashara ikikamilika. Kazi hiyo ni halali, na wapo vijana wetu wanaoifanya kwa heshima. Ila tukumbuke kwamba dalali hulipwa mauzo yakitimia. Mauzo yakivunjika, hapati kitu. Kwa hiyo hata aliye mwema huvutwa upande wa kusema ndiyo. Mnunuzi mwenye busara hulijua hilo tangu mwanzo, wala halichukulii kuwa ni tusi.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi dalali anayestahili ujira ni yule aliyelala katika kitanda hicho, akaweza kukueleza kunguni wako wapi. Nitataja mambo manne ambayo mtu wa mahali huyajua na mpita njia hayajui.

La kwanza ni maji. Kiwanja kinachoonyeshwa mwezi Januari, kikavu, chenye mchanga mweupe, huenda mwezi Aprili kikawa mkondo. Mvua za masika ndizo zinazofichua siri ya ardhi. Tuliona mafuriko ya Desemba 2011 jijini Dar es Salaam, ambapo familia za bondeni zilipoteza makazi na baadhi zikahamishiwa Mabwepande. Bonde halisahau njia yake, hata kama watu wamelisahau. Zaidi ya hayo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu zinazoweza kudhuru mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari na kingo za mito. Mwulize dalali: masika yaliyopita, maji yalifika wapi? Anayejua atakuonyesha alama kwenye ukuta wa jirani. Asiyejua atakuambia hapa hapajai kamwe.

La pili ni njia. Kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara, zilibomolewa ili kupisha upanuzi. Kiwanja kilicho kando ya lami huuzwa ghali, na ndicho kinachohitaji hadhari kubwa zaidi. Tena ipo njia ya kukifikia kiwanja chenyewe. Je, ni njia ya umma, au ni hisani ya jirani anayeweza kuifunga kesho kwa seng'enge?

La tatu ni historia ya umiliki. Hapa ndipo ujuzi wa mahali unapopita kila karatasi. Shamba la marehemu baba si la mtoto aliyebaki kijijini peke yake. Ni la warithi wote, na wa kuliuza ni msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Vilevile, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Dalali wa mahali anajua kama muuzaji ana dada walioolewa mbali ambao hawajaulizwa. Anajua kama mama wa nyumba hiyo amekwenda kwao kuuguza na hana habari kwamba nyumba yake inaonyeshwa wateja. Dalali anayeyajua hayo akanyamaza ni hatari kuliko asiyejua kitu.

La nne ni mpango wa eneo na huduma zake. Wapo waliouziwa eneo la wazi lililotengwa kwa ajili ya shule au uwanja wa michezo. Wapo walioahidiwa kwamba umeme uko jirani, kumbe nguzo ya mwisho iko mbali na gharama ya kuuvuta haikuwamo katika hesabu yao. Uliza kisima kilicho karibu kina maji ya chumvi au baridi, kinakauka mwezi gani, na watoto wanavuka nini wanapokwenda shule.

Ndugu wananchi, mtampimaje basi? Msimpime kwa ufasaha wa maneno wala kwa wingi wa picha katika simu yake. Mwambieni mtembee naye kwa miguu. Awatajie majirani wa pande nne kwa majina, kisha salimianeni nao. Mtaona kama wanamjua au wanamshangaa. Mwombeni awapeleke kwa mtu mmoja aliyenunua kupitia kwake miaka miwili au mitatu iliyopita, mkamsikilize mtu huyo dalali akiwa hayupo. Ulizeni katika ofisi ya kijiji au mtaa kama anafahamika, na kwa sifa gani. Mwenye kukaa mahali hukutana na wateja wake msibani, sokoni na kwenye nyumba za ibada. Aibu yake ni sehemu ya dhamana yenu. Anayetoka mbali na kubadili laini ya simu kila mwezi hana aibu ya kuwekea dhamana.

Jingine ni ujira. Kubalianeni mapema, kwa maandishi, atalipwa kiasi gani na nani, tena lini. Mnalijua neno cha juu: mwenye mali anataka milioni nane, dalali anamtajia mnunuzi milioni kumi na moja, tofauti anaitia mfukoni bila wenyewe kujua. Dawa yake ni moja: mnunuzi na muuzaji waonane uso kwa uso kabla fedha haijatoka. Dalali anayezuia wawili hao wasionane ameshajieleza. Kadhalika wapangaji, msilipe fedha ya kuonyeshwa vyumba kwa mtu ambaye hamjahakikisha kwamba mwenye nyumba amemtuma.

Lakini nisieleweke kwamba ujuzi wa dalali unatosha. Dalali wa mahali aweza kuwa mpwa wa muuzaji. Ujirani unaofichua ndio pia unaositiri. Maneno yake ni mwanzo wa uchunguzi, na hatua nyingine hazirukwi. Ikiwa kiwanja kimepimwa, leteni namba ya kiwanja na kitalu ofisini kwetu tuangalie ramani na matumizi yaliyopangwa. Na kama kina hati, ombeni upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, ili mjue ni ya nani na kama imewekwa rehani. Ikiwa ni ardhi ya kijiji, inasimamiwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na idhini ya Halmashauri ya Kijiji ni ya lazima. Sahihi ya mwenyekiti mmoja aliyoitia kibarazani kwake si idhini ya Halmashauri. Majirani washuhudie mipaka. Malipo yapite benki. Na fedha yoyote inayolipwa ofisi ya umma idaiwe stakabadhi.

Kwenu ninyi madalali mliopo hapa, nawasihi mjue thamani ya mnachokiuza. Bei kila mtu anaweza kuitaja. Anayeweza kusema, ndugu yangu, hapa usinunue, maji yanapita, ndiye atakayetafutwa na mteja huyo huyo, na nduguze, na rafiki zake. Mtapoteza ujira wa siku moja na kupata jina la maisha.

Na kwenu wenyeji mnaouza, msidhani haya ni ya mnunuzi tu. Dalali mbovu huwaleteeni mnunuzi wa mashaka, huwapunja bei, na kuwaachia kesi na jirani mtakayeishi naye hadi uzeeni. Kabla hamjampa mtu ruhusa ya kuitangaza ardhi yenu, iteni familia, mkubaliane, muandike.

Ofisi yetu iko wazi siku za kazi. Kuuliza kabla ya kununua huchukua siku chache. Kudai baada ya kununua huchukua miaka, na wakati mwingine hata hukumu ikitoka, fedha haionekani tena. Njooni mapema.