Ukingo Juu ya Dari

 Popote mlipo, jikoni, dukani, shambani au kitandani kwa ugonjwa, karibuni tutafakari pamoja kwa dakika hizi chache. Aliye na Biblia karibu na aifungue Injili ya Luka, sura ya 13, mistari mitano ya kwanza. Kisha aweke kidole katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8, maana tutafika huko pia.

Leo twataka kuzungumza juu ya usiku mmoja katika Seoul, mji mkuu wa Korea Kusini. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 29 Oktoba 2022. Katika mtaa uitwao Itaewon vijana walikusanyika kusherehekea Halloween, sikukuu ya mwisho wa Oktoba ambayo watu huvaa mavazi ya kuchekesha na ya kutisha. Kwa muda mrefu mikusanyiko ilikuwa imebanwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Mwaka huo kizuizi kilikuwa kimeondolewa, basi vijana wakatoka kwa wingi, hata wakapita laki moja.

Kuna kichochoro hapo Itaewon, kando ya hoteli moja. Urefu wake ni kama mita 40, na mahali palipo pembamba upana wake ni mita 3 na kidogo tu. Tena kimeinama, kikishuka kutoka njia ya nyuma yenye vilabu mpaka barabara kuu yenye stesheni. Waliofika kwa gari la moshi walikuwa wakipanda, na waliotaka kurudi nyumbani walikuwa wakishuka. Wakakutana katikati. Nyuma ya kila kundi watu walizidi kuja, nao hawakuyaona ya mbele. Ilipofika kama saa nne na robo usiku, watu walianguka wakalaliana. Usiku huo na siku zilizofuata walikufa watu 158. Wengi wao walikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu, na 26 walikuwa wageni kutoka nchi nyingine.

Labda mtu atadhani kwamba walikanyagwa na watu waliokuwa wakikimbia. Sivyo, ndugu. Hapakuwa na nafasi hata ya kuinua mkono, seuze kukimbia. Mtu akibanwa mno kila upande, kifua chake hakiwezi kutanuka, naye hukosa pumzi hata akiwa amesimama wima. Mtu wa nyuma husukuma kidogo tu, wala hajui kwamba visukumo vya wengi vimekuwa mzigo mmoja juu ya kifua cha mtu wa mbele.

Sasa tujiulize. Habari hii ilipotufikia huku kwetu, tulisema nini? Tuseme kweli mbele za Mungu. Wengi wetu tuitwao Wakristo tulitikisa vichwa. Tukasema, "Waliifuata sikukuu ya mashetani, na malipo yao wameyapata." Tukaendelea kunywa chai yetu. Hatukuuliza majina yao. Hatukuwaombea mama zao.

Kumbe swali hili Bwana Yesu alikwisha kulijibu. Katika siku zake mnara uliokuwa Siloamu ulianguka ukaua watu 18. Watu wakaanza kupima dhambi za wale marehemu, kama desturi yetu ilivyo. Bwana akawauliza kama wanafikiri kwamba hao 18 walikuwa wakosaji kupita wenyeji wote wa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Kisha akawageukia wale waliosimama mbele yake, wazima, wenye pumzi, akawaambia watubu wao.

Ikiwa bado twadhani kwamba kifo cha namna hii huwatafuta wacheza ngoma, tukumbuke mwaka wa 2020. Tarehe 1 Februari, huko Moshi, jirani zetu wa Tanzania walikuwa uwanjani katika mkutano wa maombi. Wakasukumana ili wakanyage mafuta yaliyoombewa, na watu 20 wakafa. Siku mbili tu baadaye, hapa Kenya, katika shule moja ya msingi mjini Kakamega, watoto walikuwa wakishuka ngazi mwisho wa masomo waende nyumbani. Zaidi ya watoto kumi hawakufika. Wa Itaewon walikwenda kucheza, wa Moshi walikwenda kuomba, wa Kakamega walikwenda kusoma. Je, tutawapimia dhambi kwa mizani ipi? Hatusemi kwamba kila sherehe yampendeza Mungu. Hilo ni neno la siku nyingine. Twasema kwamba njia nyembamba na watu wengi haviulizi mtu anakwenda wapi.

Basi, Bwana ametuambia tutubu. Tutubu nini? Hapa ndipo tufungue lile andiko la pili. Nyumba za Waisraeli zilikuwa na dari tambarare. Watu walipanda juu wapunge upepo, wale, wazungumze na wageni wao. Mungu akaamuru kwamba mtu ajengapo nyumba mpya aizungushie dari yake ukingo, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Angalieni jambo moja. Sheria haikuuliza kama aliyeanguka alikuwa mlevi au mcha Mungu. Haikuuliza kama alikuwa akicheza au akisali. Ilimwuliza mwenye nyumba, "Ukingo u wapi?"

Kule Seoul ukingo ulikosekana, ingawa watu waliuomba mapema. Saa kumi na mbili na dakika 34 jioni mtu mmoja alipiga simu polisi. Alieleza kwamba katika kichochoro kile wanaopanda na wanaoshuka wanabanana, na kwamba watu wanaweza kufa. Zilikuwa zimesalia karibu saa nne. Kabla ya maafa simu zilifika 11. Askari walikwenda mara 4 tu. Sherehe ile haikuwa na mwenyeji aliyeiandaa, kwa hiyo kila mwenye kazi aliweza kuona kwamba si yake. Naam, dari ilikuwa pale, na watu walikuwa juu yake, lakini mwenye nyumba hakuonekana.

Na baadaye ilikuwaje? Tarehe 1 Novemba mkuu wa polisi wa nchi aliinama mbele ya watu akakiri kwamba simu zile hazikushughulikiwa ipasavyo. Lakini pia ilijulikana kwamba taarifa iliyoandikwa kabla ya siku ile, kuonya juu ya umati, ilifutwa baada ya maafa, na maofisa wa polisi walihukumiwa kwa jambo hilo Februari 2024. Mwezi wa Septemba mwaka huo aliyekuwa mkuu wa kituo cha polisi cha wilaya ile alihukumiwa kifungo cha miaka 3. Wazazi nao hawakunyamaza. Waliweka picha za watoto wao katika uwanja ulio mbele ya ofisi za jiji, wakakaa huko zaidi ya mwaka mzima. Waliandamana, wakasujudu barabarani wakati wa baridi kali, wakidai ukweli tu. Mwezi wa Mei 2024 bunge lilipitisha sheria ya kuchunguza jambo lote upya.

Kuna mmoja ambaye hatujamhesabu. Alikuwa mvulana wa shule ya sekondari. Alitolewa hai katika kichochoro kile, lakini rafiki zake wawili walikufa. Siku zile maneno mabaya yalienea juu ya waliokufa na waliopona, kwamba walikwenda kujifurahisha, basi wamlaumu nani? Mama yake alieleza baadaye jinsi maneno hayo yalivyomwumiza mwanawe. Mwezi wa Desemba kijana yule akajiua. Serikali ilikubali kumhesabu pamoja na wenziwe, na hesabu ikawa watu 159.

Ndugu wapendwa, je, lile neno tulilolisema tukinywa chai si la ukoo mmoja na maneno yale? Hatuwezi kusema kwamba sisi tulikuwa mbali. Karibu nasi pia wako waliopona ajali ya basi, moto wa kilabu, mafuriko. Wako walioachwa na marehemu ambaye kifo chake kijiji kinakinong'oneza. Mmoja wao pengine ameketi benchi la nyuma kanisani mwetu, naye atusikiliza tunavyosema juu ya wengine.

Tutubu basi kwa ulimi, tena tutubu kwa mikono. Tunapofanya siku ya mavuno, mkesha wa mwaka mpya, arusi au mkutano wa injili, twafurahi kuona kanisa limejaa. Lakini mlango wa pembeni twaufunga kwa kufuli, na ule mkubwa wafunguka kwa ndani. Viti vya ziada twavipanga njiani. Watoto twawaachia ngazi peke yao wakikimbilia soda. Jumapili hii wazee wa kanisa wazunguke nyumba ya Bwana kabla ya ibada, waulize: watu wakitaka kutoka wote mara moja, watapita wapi? Nani ana funguo? Na mama mmoja wa kanisa akija kusema, "Mzee, watu wamezidi, naogopa," asiambiwe kwamba amekosa imani. Asikilizwe saa ile ile. Ombi lake pengine ndilo ukingo ambao Mungu ametuletea.

Mnara wa Siloamu ulianguka zamani, lakini Bwana angali akituuliza sisi tulio hai. Na tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, twawakumbuka mbele zako wazazi wa Seoul, wa Moshi na wa Kakamega. Wafariji, kwa maana wewe wawajua watoto wao kwa majina. Utusamehe sisi tuliohukumu upesi na kulia polepole. Utupe masikio ya kusikia mtu anapoita mapema, na mikono ya kujenga ukingo kabla mtu hajaanguka. Twaomba haya katika jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.