Sketi ya Sokoni na Mfuko Usiochanika
(Maneno ya wanachama wa cherehani, siku ya kutimiza miaka kumi)



Sisi wa cherehani tumeambiwa tueleze habari ya ile sketi ya sokoni. Wengi mmeivaa leo, tunawaona.

Mnakumbuka tulikotoka. Fedha za mauzo tulizifunga kwenye pindo la kanga au tukazitia kifuani. Mvua ikinyesha, noti zinalowa. Basi mwaka wa tatu tukakopa kikundini, tukanunua kitambaa, tukashona sketi za mifuko. Jamani, ile aibu! Kitambaa chepesi, mfuko tumeupachika juu kwa mshono mmoja tu. Sarafu za shilingi 200 na 500 zikijaa ni mzigo, pembe zikachanika. Mama mmoja alidondosha marejesho yake ya wiki nzima njiani akija mkutanoni. Tulimlipia, lakini wateja wakarudisha sketi, na mkopo ukabaki shingoni mwetu.

Aliyetufumbua macho ni binti wa mwenzetu, alipotuonyesha picha za kilti, ile sketi ya kujifunga ya wanaume wa Uskoti. Mbele bapa, marinda nyuma, mtu anapiga hatua bila kubanwa. Ya asili haina mfuko, ndiyo maana huning'iniza mkoba wa ngozi mbele. Lakini mwaka 2000, huko Seattle, Marekani, kampuni ya Utilikilts ilianza kushona kilti za kazi zenye mifuko. Kwanza tulicheka (wanaume na marinda!), kisha tukachukua mikasi.

Sasa tunatumia kaki nzito ya pamba, tunailoweka irudi kabisa kabla ya kukata. Mfuko unaning'inia kutoka kwenye mkanda wa kiunoni, ili uzito ubebwe na mkanda, siyo na kitambaa. Kitako chake ni tabaka mbili; pembe za mdomo tunazikaza kwa mshono wa kwenda na kurudi. Mfuko mdogo wa zipu umejificha chini ya lile pande la mbele, huo ni wa noti. Mwizi akiutaka, itabidi akuvue sketi!

Mkopo tulimaliza mwaka jana, risiti anazo Mweka Hazina. Ila marinda yanakula kitambaa, na bei haijashuka kama tulivyoahidi. Tumeanza kupunguza marinda mawili kila upande, tuone kama mwendo hautabanwa. Zipo mbili za kujaribu pale mezani; atakayezivaa abebe na ndoo kabisa, halafu atuambie.